Gari Halikwenda Barcelona

Ijumaa ile ya Januari 2026 simu ilianza kulia kabla sijamaliza chai. Kundi letu la WhatsApp la langalanga huwa limelala kuanzia Desemba mpaka Februari. Watu hutakiana heri ya mwaka mpya, wakarushiana vijembe vya Simba na Yanga, basi. Siku hiyo meseji zilikuwa zinaingia mfululizo. Mmoja wetu alikuwa ameweka tangazo la Williams, timu yetu ya Formula 1, mistari michache tu: timu haitashiriki majaribio ya Barcelona wiki inayofuata kwa sababu matayarisho ya gari jipya, FW48, yamechelewa. Watalipima wenyewe kwenye mitambo, halafu watakutana na wenzao Bahrain.

Wa kwanza kujibu aliandika: "Tena?"

Wa pili akaweka jeneza.

Mimi sikuandika kitu. Nilikwenda kazini, na kila nikichungulia kundini nilikuta vita imehamia sehemu nyingine. Timu 11 msimu huu, na ni moja tu iliyotangaza kwamba haendi mtu. Kilichowauma watu zaidi ni ahadi. Mwaka mzima wa 2025 bosi wa timu, James Vowles, alikuwa hafichi kwamba wameacha mapema kuliendeleza gari la msimu ule ili nguvu zote ziende kwenye gari la 2026. Sheria mpya, injini mpya ambazo karibu nusu ya nguvu yake inatoka kwenye umeme, kila mtu anaanza upya. Tukaambiwa tusubiri.

Tumesubiri. Mwaka umefika, gari halijafika.

Tangu hapo nimekuwa nikizungushwa na swali moja, na kila nikidhani nimepata jibu linanigeuka. Tunajuaje kwamba timu inapona? Na kabla ya hapo: tulijuaje kwamba inaumwa?

Februari 2019

Wanaoipenda timu hii hawapendi kukumbushwa, lakini kundini kuna wadogo zetu walioanza kufuatilia wakati wa korona, na kwao Williams ni timu ya mkiani siku zote. Basi kwa ufupi.

Barcelona, siku ya kwanza ya majaribio, Jumatatu. Wenzao wote wako barabarani, gereji ya Williams haina gari. Jumanne, vilevile. Gari lilifika usiku wa kuamkia Jumatano, na dereva George Russell akalitoa mchana, siku mbili na nusu zikiwa zimeshateketea. Claire Williams, binti wa mwanzilishi Sir Frank na aliyekuwa anaiongoza timu, alisimama mbele ya waandishi wa habari akakiri kwamba ni aibu kushindwa kuleta gari uwanjani wakati kila mtu ameweza. Mwezi uliofuata mkuu wa ufundi, Paddy Lowe, akaenda likizo. Hakurudi.

Msimu ule walipata pointi moja. Moja. Na hata hiyo waliokotewa: pale Hockenheim kwenye mvua, dereva mwingine, Robert Kubica, alimaliza wa 12, magari mawili ya Alfa Romeo yakaadhibiwa, akapandishwa mpaka wa 10. Mwaka uliofuata hawakupata hata hiyo. Agosti 2020 timu ikauzwa kwa Dorilton Capital ya New York, na baada ya mbio za Monza mwezi Septemba Claire akaaga. Timu yenye mataji tisa ya watengenezaji haikuwa tena mikononi mwa familia iliyoianzisha. Sir Frank alifariki Novemba mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mtu anapoandika "tena," anamaanisha yote hayo. Gereji ikikaa bila gari Barcelona, mashabiki wa Williams hatuoni gari lililochelewa. Tunaona msiba.

Nani wa kulaumiwa

Mjadala huu kundini hauna mwisho, na kila mtu ana tarehe yake.

Mzee wetu mmoja, ambaye alikuwa anafuatilia tangu enzi za Mansell, hasikii la mtu. Kwake yeye timu ilikufa siku Adrian Newey, mchora magari wao, alipoamua kwenda McLaren. Taji la mwisho ni la 1997, na hilo, anasema, lilitoka kwenye akili ya mtu ambaye alikuwa ameshafungasha. Wengine wanasema hapana, ni BMW kuondoka mwisho wa 2005, maana kuanzia hapo timu ikawa inahama injini kama mpangaji: Cosworth, Toyota, Cosworth tena, Renault. Katika miaka yote hiyo ushindi ni mmoja, wa Pastor Maldonado pale Hispania 2012, na hata siku hiyo gereji iliwaka moto wakiwa bado wanashangilia. Kuna wanaosema ni 2018, Lance Stroll na Sergey Sirotkin, viti kwenda kwa vijana wenye wadhamini wakati gari linahitaji dereva mzoefu.

Na kuna wanaosema Claire.

Hao wa mwisho huwa wananichosha. Wengine wana hoja za kweli. Aliyekuwa kwenye usukani lazima aulizwe. Lakini ukisoma baadhi ya meseji unaona kabisa kwamba tatizo lao si kazi yake, ni kwamba mwanamke alikuwa anaifanya. Watu haohao hawakumbuki kwamba alikuwa naibu mkuu wa timu tangu 2013, maana yake zile nafasi mbili za tatu, 2014 na 2015, nazo ni zake. Huwezi kumpa maiti tu ukamnyima harusi.

Mimi tarehe yangu ni tofauti, na imenigombanisha na nusu ya kundi. Nasema ni 2014.

Ndiyo, mwaka mzuri kuliko yote ya karibuni. Angalia namba. 2013, pointi 5. 2014, pointi 320, nafasi ya tatu. 2015, pointi 257, nafasi ya tatu tena. 2016, pointi 138. 2017, pointi 83. 2018, pointi 7. Timu haikuanguka 2018. Ilikuwa inateremka kila mwaka tangu siku ilipopanda, na sisi tulikuwa bado tunapiga makofi kwa sababu ya ile siku ya Austria, Felipe Massa na Valtteri Bottas wakianza safu ya kwanza wawili. Mwaka ule hakuna timu nyingine iliyowanyang'anya Mercedes nafasi ya kwanza ya kuanzia hata mara moja.

Kilichobadilika kati ya 2013 na 2014 ni sheria za injini, na Williams walikuwa wametoka Renault kwenda Mercedes wakati ambao Mercedes walikuwa wamewaacha wengine mbali. Ukipata injini kama hiyo, nani atakuja kukuambia kwamba mitambo ya kiwandani imezeeka? Nani atakusikiliza?

Hapo fundi wetu, kijana anayefanya kazi gereji na anayejua injini kuliko sisi wote, akanipiga ngumi ya tumbo. "Kaka, McLaren nao walikuwa na injini hiyohiyo. Walimaliza wa ngapi?" Wa tano. Force India je? Wa sita. Kwa hiyo si injini peke yake, kuna watu pale Grove, kiwandani kwa Williams, walichora gari zuri.

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimelifikiria sana. Nadhani yote mawili ni kweli: walichora gari zuri, jepesi kupenya hewani, lililofaidi ile injini kuliko la mwingine yeyote. Lakini kuchora gari zuri mara moja ni kazi ya watu wenye vipaji. Kulifanya liwe bora kila mwezi, miaka mitano mfululizo, ni kazi ya kiwanda. Vipaji walikuwa navyo. Baku 2016 Bottas alipimwa kilomita 378 kwa saa, na wikendi hiyohiyo mafundi wa Williams walimbadilishia Massa tairi zote nne kwa sekunde 1.92. Hakukuwa na timu iliyokuwa inabadilisha tairi kama wao mwaka ule.

Sekunde 1.92. Ishike hiyo.

Faili

Vowles alitoka Mercedes na kuanza kazi Grove Februari 2023. Ni yule mwenye sauti ya redio, "Valtteri, it's James," iliyokuwa inatukera wengine na kutuchekesha wengine. Alikuwa mkuu wa mikakati kwenye timu iliyoshinda mataji manane ya watengenezaji mfululizo. Alichokikuta Williams alikuja kukisimulia hadharani mwanzoni mwa 2024: orodha ya vipuri vya gari, kama 20,000 hivi, ilikuwa kwenye faili la Excel.

Gari la Formula 1. Excel.

Sote tulicheka. Zikatengenezwa picha za vichekesho za kila aina. Aliyekuwa hacheki ni dada mmoja kundini ambaye ni mtunza stoo wa kampuni ya mabasi ya mikoani. Huwa hachangii sana, anaingia siku za mbio, anamshangilia dereva wetu Albon, anatoka. Siku hiyo alituandikia ujumbe mrefu wa sauti, na mimi nimeusikiliza mara nyingi kuliko uchambuzi wowote wa YouTube.

Alisema hivi. Excel si tatizo, hata yeye ameanzia kwenye daftari. Tatizo ni kwamba faili linakuambia kipuri kinaitwaje, halikuambii kiko wapi. Halikuambii kimeagizwa lini, kitafika lini, kinagharimu kiasi gani, nani amekishika sasa hivi, na kazi gani imesimama kwa sababu yake. Kwa hiyo kila asubuhi unatuma mtu akatafute. Anatembea, anauliza, anapiga simu. Akirudi amekipata, mnampongeza, ni mchapakazi. Hakuna anayeuliza kwa nini ilibidi akitafute. "Nyie mnaona basi limetoka saa kumi na mbili kamili mnasema kampuni iko vizuri," alisema. "Hamjui usiku tumelala saa ngapi."

Na ndicho Vowles alichokuwa anakilalamikia. Faili halikuweza kumwambia gharama, wala muda wa kukitengeneza kipuri, wala kama kipo kwenye foleni ya kutengenezwa. Watu walikuwa wanazunguka kiwandani kutafuta vitu.

Sasa rudi kwenye ile 1.92. Timu ambayo ilikuwa haishikiki kwa kubadilisha tairi mbele ya kamera ilikuwa nyuma ya pazia haijui bawa la akiba liko kwenye rafu gani. Hiyo ndiyo picha yangu ya kuporomoka kwa Williams. Si Stroll, si Sirotkin, si Claire. Mafundi hodari sana, wanaoficha kwa uhodari wao kwamba mpangilio hakuna, mpaka siku gari linakuwa gumu kiasi kwamba uhodari hautoshi.

Hilo ndilo lililotokea 2019, naamini. Na ndiyo sababu kubadilisha dereva au bosi kusingesaidia kitu.

Melbourne, kiti kimoja

Ijumaa ya mbio za Australia 2024, Alex Albon aligonga ukuta kwenye mazoezi ya kwanza. Chasisi, yaani kiunzi cha gari, ikaharibika kiasi cha kutotengenezeka pale uwanjani. Kawaida hapo unafungua kreti, unatoa chasisi ya tatu, mafundi wanakesha, kesho dereva anaendesha.

Hawakuwa na chasisi ya tatu.

Gari lililobaki lilikuwa la Logan Sargeant, ambaye hakuwa amegonga kitu. Vowles akamwita, akamwambia gari lake anapewa Albon.

Kundi letu halijawahi kugawanyika vile. Fundi alikuwa upande wa bosi, bila huruma: msimu uliotangulia timu ilipata pointi 28, na 27 zilikuwa za Albon. Una gari moja, unampa anayeleta chakula. Mwingine, mwalimu wa sekondari, alikasirika kikweli. Alisema ukishamwambia kijana mbele ya dunia nzima kwamba hata gari lake zima halimstahili, usije ukashangaa akiligonga wiki inayofuata. Wote wawili walipata ushahidi. Mbio zilizofuata, Japani, Sargeant aligonga kwenye mazoezi. Agosti, baada ya gari kuwaka moto Zandvoort, akaondolewa, akaletwa Franco Colapinto. Lakini pia kweli alikuwa anagonga tangu mwaka uliotangulia. Ukitaka kuamini, ushahidi haukosekani.

Na Albon? Jumapili ile, saa moja asubuhi kwetu, nilikuwa mbele ya TV natetemekea timu inayogombea nafasi ya kumi. Alimaliza wa 11. Walimvunja moyo mtu mmoja, hawakupata kitu.

Miezi mingi nililiona tukio lile kama uthibitisho kwamba timu imekufa kabisa. Kilichonigeuza ni kuelewa kwa nini chasisi ya tatu haikuwepo.

Haikuwepo kwa sababu ya tiba. Vowles na Pat Fry, mkuu wa ufundi aliyetoka Alpine, hawakutaka gari la 2024 lijengwe kwa utaratibu wa zamani. Waliacha faili lile katikati ya ujenzi na kuhamia mfumo mpya, na wakati huohuo wakabadilisha namna ya kutengeneza chasisi yenyewe. Mabadiliko mawili makubwa kwa mpigo, watu walewale, tarehe ileile. Gari likatoka limechelewa na zito kuliko inavyotakiwa, na cha akiba kikabaki nyuma. Angeweza kuendelea na njia ya zamani mwaka mmoja zaidi. Wachapakazi wangekesha, chasisi tatu zingefika Melbourne, na sisi tungesema bosi mpya ameiweka timu sawa.

Yaani timu ilipokuwa inaoza, tuliona vikombe. Ilipoanza kutengenezwa, tuliona fedheha. Na mwisho wa msimu ule walikuwa wa tisa, chini kuliko mwaka uliotangulia. Interlagos, Brazil, Albon aligonga kwenye mbio za kufuzu akashindwa hata kuanza, Colapinto naye akagonga kwenye mbio zenyewe. Anayehukumu kwa jedwali angemfukuza Vowles Desemba ile.

Baku, na wasiwasi wangu

Kisha 2025 ikaja kutuharibia mahesabu yote. Carlos Sainz, ambaye alikuwa na timu za Audi na Alpine mlangoni kwake, alichagua Williams. Baku alimaliza wa tatu. Qatar wa tatu tena. Albon alikuwa anaokota pointi karibu kila mbio mwanzoni mwa msimu. Jumla pointi 137, nafasi ya tano, juu ya Aston Martin yenye kiwanda kipya na Newey ndani yake.

Siku ya Baku nilimpigia simu yule mzee. Alikuwa analia, halafu akanikatalia kwamba analia.

Mimi nilifurahi, lakini kuna kitu kilikuwa kinanikuna. Nafasi nzuri. Injini ya Mercedes. Mabadiliko ya sheria yako karibu. Dereva aliyetoka Ferrari ambaye watu walidhani ameshushwa daraja, kama vile Massa mwaka ule. Nilikuwa nimeshaiona hii. Ikiwa 2014 ilituficha ugonjwa, nani kaniambia 2025 haifichi?

Niliposema hivyo kundini niliitwa mchawi. Lakini fundi, ambaye huwa hakubaliani nami, safari hii alinipa tofauti moja ninayoiheshimu: 2014 timu ilipanda bila kubadilisha kitu ndani, na 2025 ilipanda baada ya kuteseka miaka miwili ikibadilisha. Nikamwambia hilo hatuwezi kulijua mpaka wajenge gari jipya kutoka sifuri, kwa sheria mpya, wakibanwa na muda. Hapo ndipo mfumo utapimwa.

Halafu ikaja Ijumaa ile ya Januari.

Alichosema baadaye

Siku chache baada ya tangazo, Vowles alizungumza. Kama kawaida yake alizungumza mengi, lakini mambo mawili ndiyo yaliyonikaa.

La kwanza, kwamba gari hili lina ugumu usiolingana na la mwaka uliopita, na mzigo uliopitia kiwandani ulikuwa mkubwa mno kwa mifumo yao. Hilo ni kukiri. Mfumo ulipimwa, ukaelemewa. Wale wa "tena" hapo wana haki yao, na mimi sitaki kuwanyang'anya. Miaka mitatu ya kuambiwa kwamba msingi unajengwa, halafu ghorofa ya kwanza inachelewa. Mtu anaruhusiwa kuuliza.

La pili, kwamba Barcelona wangeweza kufika. Kwa nguvu, wangefika. Lakini ingebidi wavuruge utengenezaji wa vipuri vya akiba na vya maboresho vinavyohitajika Bahrain, Melbourne na baada ya hapo. Wakaona bora wakose.

Nilimtumia yule dada wa stoo maneno hayo kabla ya kumtumia mtu mwingine. Alinijibu usiku, baada ya zamu.

Alisema kama ni kweli, ni mara ya kwanza anaisikia timu hii ikiongea kama watu wanaojua kilichomo stoo. Mtu asiyejua ana nini hawezi kukuambia kwamba nikikimbilia Barcelona nitakosa kitu fulani Melbourne. Atakimbilia tu, halafu atakosa. Ndivyo walivyofanya 2024. Kisha akaongeza, na hapa ndipo aliponiacha njia panda: "Lakini pia mtunza stoo mwongo ndivyo anavyoongea. Ukimdai kitu anasema ameshakitengea kazi nyingine."

Kutoka nje, hivyo vitu viwili vinafanana kabisa.

Hapo ndipo nilipo, majaribio ya Bahrain yakiwa bado. Nimejaribu kuchagua upande na sijaweza kukaa nao zaidi ya siku moja. Nikisoma kuhusu siku zinazopotea, kwa injini ambayo hakuna mtu aliyeiendesha, kwenye msimu ambao kila raundi ya majaribio ni dhahabu, naona ni kosa kubwa ambalo timu ya tano haipaswi kulifanya. Mercedes, McLaren na Alpine wanatumia injini hiyohiyo na watakuwa wameshaijua tabia yake. Nikimkumbuka Sargeant amekaa gereji na ovaroli yake, hana gari, naona bora kukosa wiki moja ya Januari kuliko kurudia hilo.

Nikilazimishwa kuweka dau, naweka kwa Vowles, kwa tofauti ndogo sana. Sababu yangu ni kwamba alichagua kilichomwaibisha leo. Miaka ile ya kuporomoka timu ilikuwa inachagua kila mara kinachopendeza leo. Fundi amekubali dau hilo, kilo ya mishikaki, na ameandika tarehe.

Mzee amesema Bahrain yeye ataangalia saa tu, kwa sababu saa haina maelezo. Mimi saa za majaribio siziamini hata zikiwa nzuri. Timu zinabeba mafuta tofauti, zinaficha, zinadanganyana. Nitahesabu raundi walizokwenda bila gari kusukumwa gerejini. Na nitasubiri siku ambayo mmoja wao, Albon au Sainz, atavunja bawa la mbele kwenye mbio za kwanza kwanza, maana litavunjika tu. Nitaangalia linalofungwa badala yake ni la muundo uleule au ni la zamani lililookotwa. Kama ni lile lile, Barcelona walikosa kwa sababu waliyotuambia. Kama si hilo, basi wamekosa majaribio na wamekosa spea, na Sainz hakwenda Grove kusubiri 2027.